Injini ya Boti Haichaguliwi Dukani

Mwenye chombo anapoamua kung'oa injini iliyochoka na kufunga nyingine, maswali mawili humpokea mlangoni mwa duka: unataka hospawa ngapi, na unapenda kampuni gani? Ni maswali halali, ila yanakuja kabla ya zamu yake. Anayeyajibu papo hapo huenda akaondoka na injini inayosifiwa kila mahali, akaifunga kwenye chombo kisicholingana nayo, akainywesha mafuta isiyoyavumilia, na mwaka wa pili ikawa imelala ufukweni ikisubiri sili ya pampu kutoka ng'ambo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba uimara wa injini haukai ndani ya chuma peke yake. Injini ya kutegemewa ni ile ambayo bandarini kwako ina fundi anayeijua, ina spea, ina mafuta inayoyaweza, na imefungwa kwenye chombo kinachoitosha. Kwa hiyo uchaguzi unaanzia pwani, unapitia kwenye umbo la chombo, na dukani ndiko unakomalizikia.

Sababu ya kuutazama uamuzi huu kwa upana ni kwamba chombo kikitunzwa huishi kuliko injini zake. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mashine zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na nafasi yake kuchukuliwa na dizeli, kisha mwaka 1993 ikafungwa dizeli nyingine. MV Victoria ya Mwanza, meli ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya ndani ya bodi ileile. Kwenye majahazi na mashua za mwambao mambo ni hayohayo kwa kipimo kidogo: ubao uliooza hutolewa, chombo kikatiwa kalafati na kuendelea na safari, huku injini zikibadilishana ndani yake. Anayebadilisha injini leo basi anaamua pia kuhusu shafti, propela, tangi, bomba la moshi na vitanda vya mbao ambavyo huenda vikaitumikia injini nyingine baada ya hii. Akiliona jambo hili kama ununuzi wa kifaa kimoja, amekosea hesabu tangu mwanzo.

Tuanze na kinachoizimisha dizeli baharini. Tangu Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa, mjini Augsburg mwaka 1897, kanuni imebaki ileile: hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta bila plagi wala cheche. Injini ya namna hiyo, isipokuwa ile ya kuongozwa na kompyuta, ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuwaka; inahitaji mafuta safi, hewa ya kutosha, na maji ya kuipoza. Ndiyo maana kuzimika kwingi kunatokana na vitu vilivyo nje ya silinda: filta iliyoziba, hewa iliyoingia kwenye mpira wa mafuta, maji yaliyotua chini ya tangi, impela ya pampu iliyokatika, kiwiko cha ekzosti kilicholiwa na chumvi. Kabla pistoni na krenki hazijachoka, mara nyingi injini imeshauawa na kimojawapo cha vitu hivyo. Ukweli huu unaondoa nusu ya ubishi wa vijiweni kuhusu kampuni ipi ni bora. Injini mbili zenye ubora sawa wa chuma zikifungwa kwa namna mbili tofauti zitakuwa na sifa mbili tofauti kabisa baada ya miaka mitano.

Jina lililobandikwa juu ya injini nalo linaficha mengi. Beta Marine ya Uingereza hujenga injini zake za boti juu ya bloku za Kubota, kampuni ya Japan ambayo injini zake ziko pia kwenye matrekta na jenereta. Nanni ya Ufaransa imetumia bloku za Kubota na za Toyota. Injini ndogo za Volvo Penta za aina ya D1 zimetokana na bloku za Perkins, na Westerbeke ya Marekani ilitumia sana za Mitsubishi. Kazi ya makampuni haya, na ni kazi ya maana, ni kuongeza vile vinavyoifanya injini ya nchi kavu iweze bahari: manifoldi inayopozwa kwa maji, pampu ya maji chumvi, kipozeo, gia ya majini, na rangi na nyaya zinazostahimili ukungu wa chumvi. Mnunuzi mwangalifu basi anapaswa kuigawa injini sehemu mbili kichwani mwake. Ya kwanza ni bloku yenyewe, ambayo ringi, gasketi, beringi na nozeli zake huenda ziko Kariakoo au Mombasa kwa sababu trekta au gari fulani linazitumia. Ya pili ni vifaa vya baharini, ambavyo mara nyingi havipatikani ila kwa wakala wa kampuni hiyo. Swali la spea liulizwe kwa sehemu zote mbili, maana ni kawaida kabisa injini nzima kukwama kwa sababu ya impela ya mpira isiyozidi kiganja.

Kwa kipimo hicho, injini ambazo mwambao umeshazizoea zinapata alama zisizoonekana kwenye vitabu vya matangazo. Injini ya silinda moja ya Kichina ya aina ya S195, yenye takribani nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, haina sifa ya ulaini wala utulivu, lakini jamii yake ndiyo inayozungusha mashine za kusaga na pampu za maji vijijini, na fundi wa kinu anaweza kuifungua na kuifunga bila kitabu. Toyota 1HZ ya lita 4.2, yenye silinda sita na pampu ya kawaida, inajulikana na kila gereji inayohudumia Land Cruiser. Isuzu 4JB1 ya lita 2.8 nayo imepita kwenye mikono mingi. Yanmar, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1912 na kutoa dizeli ndogo ya kwanza ya kutumika kazini mwaka 1933, ina faida ya kuwa na injini zilizoundwa kwa ajili ya boti tangu kiwandani. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo bora kuliko zote. Kila moja ni bora mahali ambapo mnyororo wa fundi na spea umekwisha kujengwa, na ni mzigo pale ambapo haupo.

Hapa linazuka pingamizi la haki: kama fundi wa gari ndiye aliye karibu, kwa nini tusichukue injini ya lori iliyotumika, tukaifunga botini na kumaliza kazi? Wengi wamefanya hivyo na vyombo vyao vinakwenda. Lakini injini ya lori inaingia botini ikiwa na upungufu unaopaswa kuhesabiwa kama gharama. Sampu yake imeundwa kwa barabara, na ikilazwa kufuata mwinamo wa shafti pampu ya oili inaweza kuvuta hewa. Manifoldi yake ya moshi ni kavu, na katika ngama ya mbao chuma kilichoiva kwa joto ni hatari ya moto. Rejeta na feni havina upepo wa barabarani wa kuvisaidia. Kubwa kuliko yote ni gia: giaboksi ya lori haikuundwa kubeba msukumo wa propela, ambayo muda wote inaisukuma shafti kuelekea omo. Pasipo beringi maalumu ya kubeba msukumo huo, mzigo huishia kwenye klachi na krenki. Injini ya lori inafaa ikiwa bloku itavalishwa vifaa kamili vya baharini pamoja na gia ya majini. Ikifungwa kama ilivyotoka barabarani, kilichookolewa dukani kitalipwa gereji.

Tuje kwenye mafuta, ambako tofauti kati ya injini ya pampu ya kawaida na ile ya kuongozwa na kompyuta huonekana wazi. Injini za kisasa za mfumo wa reli ya pamoja (common rail) hupuliza mafuta kwa msukumo unaoweza kuzidi bar 1,600, kupitia nozeli zenye matundu na nafasi ndogo mno. Nozeli nyingi za mfumo wa zamani hufunguka kwa bar mia mbili hivi. Kwa hiyo tone la maji au vumbi ambalo pampu ya zamani italilalamikia tu, kwenye mfumo mpya linaweza kuharibu seti nzima ya nozeli. Na mafuta yetu yana historia. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kutosha, hivyo husaga pampu ambayo kilainishi chake pekee ni dizeli inayopita ndani yake. Nafuu imekuja upande wa salfa, kwani nchi za Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Hata hivyo dizeli safi ya bandari kuu bado inasafiri kwa mapipa na madumu hadi kisiwani, na njiani huko ndiko inakookota maji na mchanga.

Mtetezi wa injini za kisasa atajibu, na ana hoja. Injini ya kompyuta hutumia mafuta kidogo zaidi kwa kazi ileile, moshi wake ni haba, na huweza kujilinda kwa kupunguza nguvu inapopata joto au oili ikipungua. Kwa boti ya abiria inayokwenda kila siku kati ya bandari mbili kubwa, yenye mkataba wa matengenezo na wakala mwenye kifaa cha kusomea hitilafu, hoja hiyo inashinda, na mwenye boti hiyo asikubali kurudishwa nyuma kwa mapenzi ya mambo ya kale. Kwa mashua inayolala Kilwa, Kojani au Faza, hesabu inageuka. Kujilinda kwa injini hubadilika kuwa kuzimika pale kihisio kimoja kinapoliwa na chumvi, na asiye na kompyuta ya wakala hawezi kujua kama tatizo ni la injini au la waya. Wala sheria haimlazimishi: masharti ya kimataifa ya hewa chafu ya oksidi za naitrojeni, katika mkataba wa MARPOL, yanahusu injini za zaidi ya kilowati 130, na viwanda vya Asia vinaendelea kutengeneza injini ndogo za pampu ya kawaida. Kipimo basi ni umbali kati ya chombo na mtu anayeweza kukisomea hitilafu. Umbali huo ukiwa safari ya siku nzima, pampu ya kawaida ndiyo teknolojia inayofaa zaidi.

Sasa nguvu. Chombo cha mbao kinachokwenda kwa kulima maji, bila kuinuka juu yake kama boti ya kasi, kina kikomo kinachotokana na urefu wake kwenye mstari wa maji. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 2.43, utapata noti ambazo kuzipita ni kupoteza mafuta. Mashua ya mita 9 majini ina kikomo cha noti 7.3 hivi, na jahazi la mita 14 lina noti 9. Kuelekea huko, nguvu inayohitajika hupanda walau kwa mchemraba wa mwendo. Safari kama ya Dar es Salaam hadi Unguja, yenye maili 40 za baharini hivi, huchukua saa sita na dakika arobaini kwa noti 6. Kwa noti 7 utaokoa karibu saa moja, lakini injini italazimika kutoa nguvu zaidi kwa asilimia 60, na mafuta ya safari nzima yataongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ukikaribia kikomo, hali ni mbaya kuliko hesabu hiyo. Kwa kazi ya kawaida, nguvu za farasi tatu hadi nne kwa kila tani ya chombo kikiwa na shehena zinatosha, pamoja na akiba ya kukabili kusi na mkondo. Mashua ya tani sita itaridhika na farasi 24, tuseme 30 pamoja na akiba. Anayeifunga farasi 80 hatafika mapema kwa kiasi cha kulipia tofauti. Atainua wimbi kubwa nyuma ya tezi.

Husemwa pia kwamba injini kubwa inayoendeshwa taratibu hudumu zaidi kwa sababu haichoshwi. Kwa dizeli, hasa ile ya mzigo mzito, mambo huwa kinyume. Ikienda kwa masaa mengi bila mzigo wa kutosha, silinda haipati joto, mafuta hayaungui yote, ukuta wa silinda hung'aa kama kioo na ringi kushindwa kubana, nayo masizi hujaa kwenye nozeli na ekzosti. Mzigo unaoifaa ni wa nusu hadi robo tatu ya nguvu zake, au zaidi kidogo. Hatari ya upande wa pili ni kudanganywa na namba. Bloku ileile huweza kuuzwa kwa nguvu tofauti kulingana na kazi: kama ya mashua ya starehe, inayoruhusiwa nguvu zote kwa muda mfupi tu, au kama ya kazi mfululizo, kwa nguvu ndogo ambazo inaweza kuzitoa usiku na mchana. Jahazi la mizigo linafanya kazi mfululizo. Injini ya farasi 100 ya starehe ikifungwa humo haina farasi 100. Namba ya kutaka kwa muuzaji, tena kwa maandishi, ni ile ya kazi mfululizo na kwa mizunguko mingapi.

Nguvu hiyo haifiki majini mpaka ipite kwenye gia na propela, na hapa ndipo mabadiliko mengi ya injini huharibika. Injini za zamani zilizunguka polepole, mpya huzunguka haraka, na propela ya zamani haijui kwamba kuna kilichobadilika. Propela kubwa inayozunguka taratibu husukuma maji kwa ufanisi kuliko ndogo inayokimbia, ndiyo maana chombo kizito kinastahili gia ya kupunguza mizunguko mara mbili au tatu, alimradi kati ya ncha za propela na ubao ibaki nafasi ya angalau asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo chake. Jaribio la kuujua ulingano huo halihitaji maabara: chombo kikiwa na shehena yake ya kawaida, gesi ikifunguliwa mpaka mwisho, injini ifikie mizunguko iliyoandikwa na kiwanda. Isipofika na ikatoa moshi mweusi, propela ni kubwa mno na injini inauawa kila siku kwa mzigo kupita kiasi. Ikipita kwa urahisi, propela ni ndogo na nguvu uliyoilipia haifiki majini. Asiyefanya jaribio hili hana haki ya kuilaumu kampuni injini inaponoki.

Namna ya kupoza nayo iamuliwe na ufuko wa chombo. Kwetu maji ya bamvu hupanda na kushuka kwa takribani mita nne mahali pengi, na vyombo vingi hukaa juu ya mchanga au tope maji yanapokupwa. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kupitisha maji chumvi moja kwa moja ndani ya injini: ni rahisi, lakini chumvi huanza kuganda maji yakipita nyuzi 60 hivi, hivyo injini hulazimika kuendeshwa ikiwa baridi kuliko inavyopenda, na bloku huliwa kutoka ndani. Ya pili ni kipozeo, ambamo maji baridi yasiyo na chumvi huzunguka ndani ya injini na maji ya bahari huyapoza kwa nje. Njia hii huiweka injini kwenye joto lake la kazi, ila pampu ya nje huvuta mchanga na mwani kila chombo kinapoelea kutoka kwenye fungu. Ya tatu ni mabomba yaliyolazwa nje ya chombo kando ya mkuku, yenye maji baridi yasiyotoka kamwe. Hapo hakuna pampu ya maji chumvi, hakuna impela, na ekzosti inaweza kuwa kavu. Itasemwa kwamba mabomba hayo yatagongwa na miamba. Ni kweli, na ndiyo sababu yalazwe kwenye pembe ya mkuku na kulindwa kwa mbao pembeni. Kwa chombo kinacholala mchangani mara mbili kwa siku, hatari ya kugonga unaweza kuizuia kwa useremala, lakini mchanga ndani ya pampu hauzuiliki.

Kazi nyingine za kufunga zinaweza kutajwa kwa ufupi kwa sababu hazina ubishi, ingawa ndizo zinazorukwa. Shafti na injini zinyooshwe chombo kikiwa majini, kwa sababu bodi ya mbao hujipinda ikipandishwa juu. Flenji mbili zikikutanishwa, tofauti ya nafasi kati ya upande mmoja na mwingine isizidi sehemu ya kumi ya milimita kwa flenji ya milimita 100. Tangi liwe na kisima chini na bomba la kumwagia maji yaliyotua, kisha filta ya kwanza yenye bakuli la kuonyesha maji, ndipo filta ya injini. Bomba la moshi lipande juu ya mstari wa maji kabla ya kushuka, ili wimbi la nyuma lisiingie silinda. Zinki zifungwe na zibadilishwe kabla hazijaisha. Mwisho ni karatasi: kubadilisha injini hubadilisha uzito na nguvu ya chombo, kwa hiyo TASAC ya Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar au Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kila moja katika maji yake, inahusika katika ukaguzi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mfukoni. Mvuvi anayesikia haya anaweza kusema: hayo ni maneno ya mwenye fedha, mimi nina za injini ya mtumba tu. Lakini hesabu ya mafuta inamtetea yeye hasa. Dizeli ya kawaida hutumia robo lita au zaidi kidogo kwa kila kilowati kwa saa. Injini inayotoa kilowati 18 kwa wastani hunywa lita tano kwa saa. Kwa saa sita kwa siku na siku 200 kwa mwaka, hizo ni lita 6,000. Bei ya injini hulipwa mara moja, mafuta hulipwa kila alfajiri, na tofauti ya asilimia 20 inayotokana na propela mbaya au mwendo wa pupa ni lita 1,200 kila mwaka. Mtumba si kosa. Kosa ni mtumba usiopimwa. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, maana iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha kupungua kwa msukumo wa silinda. Kifuniko cha oili kifunguliwe ikinguruma, na moshi ukitoka humo kwa nguvu, ringi zimekwisha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usioisha ni mafuta yasiyoungua au maji, mweusi ni mzigo au uhaba wa hewa. Na bajeti iache fungu kubwa kwa gia, shafti, propela na ekzosti, kwa sababu injini nzuri iliyofungwa kwa vipande vya kuokoteza huwa mbovu kabla ya mwaka kwisha.

Wengine watauliza kwa nini dizeli ya ndani wakati mashine ya kupachika nyuma inanunuliwa leo na kufanya kazi kesho. Kwa boti nyepesi ya kwenda mbio na kupandishwa ufukweni kila siku, mashine ya petroli inafaa, na anayeiondoa ili kufunga dizeli nzito atajuta. Kwa chombo kizito cha safari ndefu, mashine ya petroli ya viharusi viwili hutumia karibu mara mbili ya mafuta ya dizeli kwa kazi ileile, na propela yake ndogo haina mshiko. Injini mbili badala ya moja nazo huonekana kama bima, lakini zikinywa tangi moja lenye maji zitazimika kwa pamoja. Bima nafuu kwa jahazi ni tanga lake. Chombo kinachobaki na mlingoti, foromali na mabaharia wanaojua kuvitumia kinaweza kufungwa injini ya kiasi, na siku inapozimika karibu na mwamba, nahodha bado ana la kufanya. Kung'oa mlingoti ili kupata nafasi ya injini kubwa ni kupunguza uimara wa chombo kwa gharama ya ziada.

Hoja hii ikikubaliwa, inamgusa mwenye chombo mmoja na pia wanaonunua kwa niaba ya wengi. Ikiwa uimara unakaa katika fundi, spea na mafuta ya mahali, basi injini ya jirani yako ni sehemu ya injini yako. Diko lenye boti ishirini zenye injini za aina kumi halina fundi bingwa wa hata moja, na hakuna muuzaji atakayethubutu kuweka spea zake. Diko lenye boti ishirini zenye aina mbili litakuwa na mtu anayezijua kwa sauti, na injini moja iliyokufa itakuwa ghala la nyingine zote za aina yake. Vyama vya ushirika na mipango ya uchumi wa buluu inayokopesha boti ingepaswa kulihesabu hilo kabla ya kufungua zabuni: aina chache, pampu ya kawaida pale wakala asipofika, nguvu za kazi mfululizo zilizopimwa kwa tani, na sanduku la impela, filta, mikanda, gasketi na nozeli likiwa ndani ya bei, pamoja na mafunzo ya fundi wa palepale. Na anayenunua kwa fedha zake mwenyewe aanze kwa kutembea bandarini kwake, aulize injini zipi zimefunguliwa hapo mwaka huu na zikafungwa tena zikafanya kazi. Akishaipata orodha hiyo fupi, apime chombo chake, kisha aende dukani akiwa tayari na majibu ya maswali mawili yanayomsubiri mlangoni.